Garde ya usiku: nani anahesabu masaa ya munganga kijana?

Ni saa nane ya usiku. Mama mwenye mimba anafika ku hopitali kwa pikipiki, uchungu ulianza tangu jana muchana. Nyuma yake kuna baba amebeba mutoto wa miaka miwili, malaria imeshapanda ku kichwa, mutoto anatetemeka mwili muzima. Mu hopitali kubwa za Goma, Bukavu, Bunia, Butembo, Uvira ao Kindu, usiku wa namna hii si wa ajabu. Na mutu wa kwanza mwenye anakuja na blouse nyeupe, mara mingi si docta mukubwa. Ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho mwenye iko ku stage, ao docta kijana mwenye ametoka tu kupata diplome.

Huyo kijana alianza kazi asubui ya jana. Alifuata visite ya wagonjwa, akaandika fishi, akasaidia ku bloc, kisha akaingia garde. Kesho asubui kutakuwa rapport mbele ya wakubwa, na kisha rapport kuna visite ingine. Akipata bahati atarudi nyumbani saa nane ya muchana, ao saa kumi. Hiyo inafanya masaa 30 na zaidi bila kulala usingizi wa kweli.

Familia yake iko na furaha: mutoto wetu ni docta. Wagonjwa nao wanamuita docta. Lakini kuna swali moja lenye watu wanaliuliza mara chache: usingizi huyu kijana anakosa, nani anaulipa? Jibu ni kama unalipwa na watu wawili. Mugonjwa analipa, na munganga mwenyewe analipa, mu mwili na mu akili.

Mwili uko na saa yake

Mwili wa binadamu uko na saa ya ndani. Jua likizama, ubongo unaanza kutoa hormoni yenye inaita usingizi, joto la mwili linashuka, moyo unapunguza mwendo. Kati ya saa tisa na saa kumi na moja ya usiku ndipo usingizi unakuwa na nguvu kupita yote. Mutu anaweza kukaa macho wazi na ubongo ukalala kwa sekunde kadhaa, yeye mwenyewe bila kujua. Kulala muchana hakurudishi yote, juu ya makelele, joto na mwangaza, na juu saa ya ndani inamuambia mutu kama ni wakati wa kuamuka.

Mwaka wa 1997, watafiti wa Australia walifananisha watu wenye kukosa usingizi na watu wenye kunywa pombe. Waliona kama mutu mwenye amekaa macho masaa 17 mikono na akili yake vinafanya kazi kama ya mutu mwenye kiasi cha pombe cha 0,05% mu damu. Hicho ni kiasi chenye inchi mingi zinamukataza mutu kuendesha gari. Kwa masaa 24 inapanda karibu 0,10%. Ni kusema, hakuna mutu angekubali docta mulevi amupasue bibi yake, lakini docta mwenye hajalala tangu jana anakubaliwa, tena anasifiwa kama ni mutu wa kazi.

Mwaka wa 2004, ku hopitali moja ya Boston, Marekani, watafiti walifuata madaktari wa mwaka wa kwanza mu chumba cha wagonjwa mahututi. Kwa ratiba ya zamani, yenye garde ndefu za masaa 24 na zaidi, makosa makubwa yalikuwa 36% zaidi kuliko kwa ratiba yenye walipunguza masaa. Mwaka wenye ulifuata, watafiti hao hao wakaonyesha kama docta kijana mwenye anatoka garde ndefu iko na hatari mara mbili na zaidi ya kupata ajali ya gari akirudi nyumbani. Kwa yeyote mwenye anajua barabara zetu na moto zetu, hiyo haiombi maelezo mingi.

Akili nayo inachoka

Kukosa usingizi siku moja kunaleta hasira na kusahau. Kukosa usingizi miezi na miezi ni jambo lingine. Mutu anaanza kuamuka na uzito mu kifua. Chakula hakina ladha. Wagonjwa wanakuwa sawa na mizigo, na yeye mwenyewe anajichukia juu ya kuwaona vile. Shirika la Afya Duniani, OMS, mwaka wa 2019 liliandika hali hii ya kuishiwa nguvu na kazi, burn-out, mu orodha yake ya kimataifa. Haikuiita ugonjwa, iliiita hali yenye inatoka ku kazi. Tofauti hiyo ni ya maana: inasema kama mutu wa kuchunguza ni mwenye kupanga kazi pia, si mufanyakazi peke yake.

Huzuni ya ugonjwa, dépression, yenyewe ni ugonjwa. Mwaka wa 2010 kulitoka utafiti wa Marekani wenye ulifuata madaktari 740 mbele ya kuanza mwaka wao wa kwanza na ndani ya mwaka huo. Mbele ya kuanza, karibu 4% walikuwa na alama za dépression. Kisha kuanza, wakafika karibu 26%. Walikuwa vijana wale wale, na kilichobadilika ni kazi. Mwaka wa 2015, kazi ingine ilikusanya tafiti 54 za inchi mbalimbali, madaktari wa mafunzo zaidi ya 17.000, na ikakuta kama karibu 29% walikuwa na dépression ao alama zake.

Hesabu hizo zinatoka mingi ku inchi zenye docta wa mafunzo analipwa, umeme haukatike, na dawa iko ku etajeri. Kwetu mambo ni mengine.

Usiku wa Mashariki uko na mizigo yake

Muzigo wa kwanza ni kukosa vyombo. Docta kijana wa New York akichoka, anachoka na oksijeni pembeni yake. Kwetu, kuna usiku mwenye garde anajua kabisa ugonjwa, anajua na dawa, lakini dawa haiko, ao iko ku pharmacie ya ngambo na familia haina feza. Kuna damu ya kutafuta, kuna génératrice bila mazutu. Mugonjwa akikufa namna hii, kijana anabaki na wazo la kama angeweza kumuokoa. Wataalamu wa akili wanasema kidonda cha namna hii kinaumiza kuliko uchovu, juu mutu anajiona mwenye kosa ku jambo lenye halikuwa mu mikono yake.

Muzigo wa pili ni vita. Mwisho wa mwezi wa 1 wa 2025, mapigano yalipoingia Goma, hopitali za muji zilipokea majeruhi kupita vitanda vyao. Ku CBCA Ndosho, yenye inasaidiwa na Croix-Rouge ya kimataifa, CICR, wagonjwa walilala mpaka chini. Katika mwezi wa 2 ikawa zamu ya Bukavu. Wanganga walikuwa wanashona vidonda vya watu wengine wakati hawajui habari za familia zao wenyewe. Kisha mabenki zikafunga milango mu miji hiyo miwili, na hata mwenye alikuwa na mushahara akakosa namna ya kuugusa. Hata bila vita kubwa, mu makartie mengi mutu hatoki hopitali saa nne ya usiku na kurudi kwake kwa miguu. Kwa hiyo anabaki, na mwenye kubaki anaitwa.

Muzigo wa tatu ni woga wa kuchukiwa na watu wenye unahudumia. Wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, kuanzia tarehe 1 mwezi wa 8 wa 2018 mpaka tarehe 25 mwezi wa 6 wa 2020, watu 3.470 waligonjwa na 2.287 wakakufa. Tarehe 19 mwezi wa 4 wa 2019, docta Richard Mouzoko wa OMS, mutu wa Kameruni, aliuawa ndani ya kliniki ya chuo kikuu cha Graben, Butembo. Hapo ni nafasi yenye wanafunzi wa udaktari wanajifunzia kazi. Walijifunza siku ile somo lenye haliko mu kitabu.

Sheria inahesabu masaa ya nani?

Kongo iko na sheria ya kazi, Code du travail ya tarehe 16 mwezi wa 10 wa 2002. Inasema masaa ya kazi hayapashwe kupita 9 kwa siku na 45 kwa juma. Inaita kazi ya usiku ile yenye inafanywa kati ya saa moja ya jioni na saa kumi na moja ya asubui. Kwa karatasi, ni sheria nzuri.

Lakini sheria hiyo yenyewe inasema haihusu watumishi wa serikali wenye wanaongozwa na statut yao ya pekee. Docta wa serikali anatoka nje kwa mulango huo. Na mwanafunzi wa stage, yeye si mufanyakazi, ni mwanafunzi. Halipwe, kinyume, yeye ndiye analipa frais za chuo kikuu. Anafanya kazi ya usiku yenye bila yeye hopitali ingesimama, lakini hakuna mwenye kuandika masaa yake. Chuo kikuu kinasema iko mikononi mwa hopitali. Hopitali inasema iko mikononi mwa chuo kikuu.

Docta mwenye amemaliza naye hana nafuu kubwa. Wengi wanangoja miaka kupata matricule na mushahara wa serikali. Wakati wanangoja, wanaishi na prime ya hopitali, yenye inatoka ku feza za wagonjwa. Wagonjwa wakipunguka, prime inapunguka. Ndiyo sababu kuna docta kijana mwenye anamaliza garde ku hopitali ya serikali na kuingia ingine ku kliniki ya mutu binafsi. Hawezi kukataa garde, juu garde njo chakula cha nyumba.

Kuna tena jambo lenye wanafunzi wanalijua bila mutu kuwaambia: mukubwa mwenye anapanga garde, mara mingi ndiye anatoa points za stage. Mwenye kulalamika anaogopa kuitwa muvivu. Mwenye kusema hapati usingizi, ao analia bila sababu, anaogopa kuitwa wazimu, na neno hilo likitoka halirudi. Kwa hiyo ananyamaza. Wamoja wanajitafutia dawa wao wenyewe: kidonge cha kulala, juu ufunguo wa kabati iko nao, ao pombe kisha kazi.

Kwingine walianza wapi

Mu Marekani, mambo yalianza na kifo. Mwaka wa 1984, musichana wa miaka 18, Libby Zion, alikufa mu hopitali ya New York masaa machache kisha kupokelewa. Madaktari wenye walimufuata usiku ule walikuwa wa mafunzo, wenye masaa mingi na wagonjwa wengi. Baba yake, Sidney Zion, alikuwa muandishi wa habari, hakunyamaza. Mwaka wa 1989, jimbo la New York likaweka kipimo: masaa 80 kwa juma, na si zaidi ya 24 mufululizo. Mwaka wa 2003 kipimo cha masaa 80 kikaenea inchi nzima. Ulaya, sheria ni masaa 48 kwa juma, na korti yao ilikata neno kama usiku wenye docta anapitisha ndani ya hopitali unahesabiwa kazi, hata kama alipata kulala kidogo.

Kenya ni karibu zaidi. Mwezi wa 3 wa 2024, syndicat ya madaktari, KMPDU, iliingia mugomo wenye ulifika siku 56. Moja ya sababu kubwa ilikuwa madaktari wa mafunzo: serikali ilitaka kuwalipa shilingi 70.000 kwa mwezi, wakati makubaliano ya 2017 yalikuwa shilingi 206.000 na kidogo. Mwezi wa 9 wa mwaka huo, syndicat ikasema wazi mbele ya watu kama kuna madaktari vijana wenye walijiua, na kama kazi ndefu na kukosa mushahara ni sehemu ya shida. Mpaka siku ile, watu wengi walikuwa wanalisema neno hilo pembeni tu.

Kuna wenye hawakubali

Wakubwa wengi wa kazi wanasema: sisi pia tulipita mule, na tulikuwa wanganga wazuri. Wanasema tena kama docta anajifunza kwa kuona wagonjwa, na wagonjwa wa hatari wanakuja usiku. Hayo si maneno ya bure. Mu Marekani, mwaka wa 2011 walipunguza garde ya mwaka wa kwanza ikafika masaa 16. Utafiti mukubwa wa hopitali za upasuaji, wenye ulitoka 2016, haukuona tofauti ya vifo na madhara ya wagonjwa kati ya ratiba kali na ratiba yenye ilikuwa na nafasi. Mwaka wa 2017 wakaruhusu tena masaa 24. Sababu moja inajulikana: ukipunguza masaa, wagonjwa wanapita mikono mingi, na habari zinapotea kwa njia.

Kwa hiyo, kukata masaa peke yake hakutoshe. Tena kwetu, na wanganga wachache wenye tuko nao, kuiga ratiba ya Ulaya neno kwa neno ni kufunga hopitali. Lakini wenye wanasema tulipita mule wanasahau kuhesabu wenye hawakupita: wenye waliacha kazi, wenye waliingia ku pombe, wenye walienda ngambo na hawakurudi. Wanasahau na wagonjwa wenye walilipa makosa ya usiku ule.

Mambo yenye hayaombi Kinshasa

Jambo la kwanza ni karatasi. Ratiba ya garde ikiandikwa mwezi muzima mbele na kubandikwa ku ukuta, kila mutu anajua usiku wake, na chuo kikuu kinaweza kuhesabu. Mwenye ametoka garde aachiliwe kisha rapport, asiingie visite wala bloc. Hopitali yenye haiwezi kumuachilia asubui nzima inaweza kumuachilia kuanzia saa nne.

Jambo la pili ni kupokezana wagonjwa vizuri. Mwaka wa 2014, hopitali 9 za watoto za Marekani na Canada zilifundisha madaktari wao namna moja ya kupeana habari wakati wa kubadilishana: mugonjwa ni mukali namna gani, amefanyiwa nini, nini kinabaki, nini kinaweza kutokea, na mwenye kupokea arudilie maneno. Makosa yalishuka 23%. Inaomba kayee, kalamu na robo saa.

Jambo la tatu ni simu ya mukubwa. Kijana wa stage hapashwe kukata neno la kupasua peke yake saa tisa ya usiku juu anaogopa kuamusha chef. Hopitali ikiandika wazi magonjwa yenye chef anaitwa kwa lazima, kijana haombi tena ruhusa, anafuata karatasi. Iongezwe chumba chenye kitanda, mustikere na mulango wa kufunga: hata nusu saa ya kulala katikati ya usiku inarudisha akili. Na mutu mwenye anatoka kisha usiku mubaya apate mwenzake ao mukubwa wa kukaa naye dakika kumi, bila kutafuta kosa, kuongelea mama ao mutoto mwenye alikufa.

La ine ni ngumu kidogo: mwenye anatoa points asiwe yeye peke yake mwenye kupokea malalamiko. Chuo kikuu kinaweza kuchagua mutu mumoja nje ya service, mwenye mwanafunzi anaweza kumufikia bila woga.

Nyumbani waangalie nini

Familia ndiyo inaona ya kwanza. Kijana mwenye alikuwa anacheka na sasa anajifungia chumbani. Mwenye anapata siku ya mapumuziko lakini halale. Mwenye anakasirikia watoto juu ya kitu kidogo, anaanza kunywa peke yake, anasema hana maana, ao anasema ingekuwa vizuri asiamuke tena. Maneno hayo ya mwisho yasichekwe wala kupelekwa kwanza ku maombi na kuishia pale. Abaki na mutu pembeni yake, dawa ziwekwe mbali naye, na apelekwe kwa mwenye kujua. Goma kuna kituo cha Tulizo Letu, Bukavu kuna SOSAME. Vyote viwili vinapokea wagonjwa wa akili tangu miaka mingi. Penye haviko, mutu anaweza kuanza ku kituo cha afya na kuuliza muhudumu wa mambo ya roho na akili wa zone. Kupita pale si kusema mutu amekuwa wazimu. Docta anajua hivyo kwa wagonjwa wake. Shida ni kukubali kama inamuhusu na yeye.

Usiku wa leo, mama mwingine atafika saa nane na uchungu, na kijana mwingine mwenye blouse nyeupe atasimama. Mu hopitali mingi, kesho asubui rapport itasema wangapi walipokelewa, wangapi walizaa, wangapi walikufa. Kungeongezwa mustari mumoja tu mu kayee ile ile: mwenye garde alianza kazi saa ngapi, na ataenda kulala saa ngapi.